Kutoa na kupima ubongo wa kuku wa kuchi

Kuku wa kuchi wa Lamu anajulikana kwa mbali: miguu mirefu, shingo iliyosimama, kifua wazi na undu mdogo uliokaa juu ya kichwa. Mfugaji humpima kwa jicho na kwa mkono, akajua uzito wake kabla hajamweka kwenye mizani. Kilichomo ndani ya fuvu hupimwa mara chache. Kikipimwa, hesabu nyingi huharibika kabla mizani haijawashwa, wakati mfupa unapofunguliwa.

Sababu ni rahisi. Ubongo wa kuku aliyekomaa una karibu gramu 3 hadi 4 tu, ni laini kama mtindi mzito, na mfupa umeukumbatia kila upande. Ukiacha gramu 0.1 ndani ya fuvu, kiasi cha punje chache za wali, umepoteza karibu asilimia 3 ya ubongo wote. Tofauti unayoitafuta kati ya jogoo na koo, au kati ya kuchi na kuku wengine wa kienyeji, inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kufungua fuvu. Kupima kwenyewe ni kazi fupi.

Kuchagua kuku na kumchinja

Kama vipimo ni vya utafiti, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na ruhusa ya kamati ya maadili ya wanyama ya taasisi yako vitangulie. Kuku wakitolewa kisiwa kimoja kupelekwa kingine au kuvushwa hadi Mokowe, gati la upande wa bara, ofisi ya mifugo ijue.

Usichanganye umri. Pora na tembe bado wanakua, na mwili wao hubadilika haraka kuliko ubongo. Chukua majogoo na makoo waliokomaa, ambao mwenyewe anakumbuka walianguliwa lini. Urefu wa kipi cha jogoo husaidia kukisia, lakini kukisia si kujua. Ukipata majogoo 10 na makoo 10 wa rika moja unaweza kuanza kuzungumza juu ya wastani. Ukiwa na watatu wa kila upande, andika kila kuku peke yake na wastani uuache. Kuku mwenye shungi kubwa awekwe kando na aandikwe hivyo. Katika baadhi ya kuku wa shungi fuvu huumuka juu na ubongo hubadilika umbo kuufuata mfupa, kwa hiyo kumtia kundi moja na wenzake wa kichwa laini ni kuchanganya vitu viwili.

Kuku aliyejifia asitumike. Joto la pwani huanza kulainisha ubongo mapema mno, na huenda kifo chenyewe kilitokana na kideri, ugonjwa unaoshambulia ubongo na kumpinda kuku shingo. Kirusi chake kinaweza pia kumwasha mtu macho yakawa mekundu. Kuku anayepepesuka, anayezungusha kichwa au aliyepooza bawa asiingie kwenye vipimo vya kawaida hata kama yu hai.

Uzito wa mwili uchukuliwe asubuhi, kuku akiwa hajala tangu jioni lakini amepewa maji. Kuku aliyeshiba machicha na mahindi hubeba uzito usio wake, na uzito huo huingia moja kwa moja kwenye uwiano wa ubongo na mwili.

Achinjwe kama ilivyo kawaida, kwa kisu kikali, kooni, damu imwagike yote. Ubongo uliomwagika damu na ule uliobaki na damu havilingani uzito, kwa hiyo namna ya kuchinja isibadilike kutoka kuku wa kwanza hadi wa mwisho. Akishakufa kabisa, kata shingo kwenye pingili ya tatu au chini yake. Hapa ndipo mtu wa jikoni anapoharibu kazi bila kujua: amezoea kutenganisha kichwa pale pale nyuma ya fuvu, na kisu chake huondoka na mkia wa ubongo, yaani medula. Mweleze kabla hajashika kisu. Nyama iliyobaki ni kitoweo kama kawaida.

Funga kichwa kwenye mfuko, zungushia kitambaa, kisha weka juu ya barafu ya samaki. Kitambaa ni cha lazima kwa sababu ubongo ukiganda, chembe za barafu hukata tishu, na ukiyeyuka unakuwa uji. Anza kazi ndani ya saa moja.

Vifaa

Huhitaji maabara kubwa. Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 inatosha kwa ubongo mzima. Ukitaka kupima sehemu ndogo kama vinundu vya kunusa, tafuta inayosoma 0.001. Ijaribu kila asubuhi kwa jiwe lake la kupimia. Iweke ndani, mbali na feni na dirisha. Upepo wa kusi ukipita barazani, tarakimu ya mwisho haitulii hata kidogo.

Vingine: kisu cha upasuaji chenye bledi namba 11 na 15, mkasi mdogo wenye ncha moja butu, vibano viwili vyembamba, koleo ndogo ya kung'ata mfupa, kijiko cha chai, kalipa ya dijitali (kifaa cha kupimia urefu na upana), glavu na miwani. Koleo ya mfupa ikikosekana, kikata kucha kikubwa na imara hufanya kazi nzuri, kwa kuwa kinang'ata kidogo kidogo na hakipenyi ndani.

Maji ya kuoshea yawe ya chumvi ya asilimia 0.9, yale ya chupa ya dripu yanayouzwa duka la dawa. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima. Maji matamu huingia kwenye tishu na kuivimbisha, na maji ya visima vya huku yana chumvi isiyolingana kutoka kisima kimoja hadi kingine.

Kwa kuhifadhi, tengeneza lita moja ya fomalini ya asilimia 10: mililita 100 za fomalini ya dukani, ile ya asilimia 37 hadi 40, katika mililita 900 za maji safi, pamoja na gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za dai-sodiamu haidrojeni fosfeti. Fosfeti huzuia mchanganyiko usigeuke asidi. Fomalini inachoma macho na pumzi, na inajulikana kusababisha saratani, kwa hiyo ichanganywe mahali penye hewa nyingi, glavu na miwani vikiwa vimevaliwa, na kamwe si jikoni.

Jambo moja la mji wa Lamu: funika kila beseni. Paka ni wengi, na kichwa cha kuku kilichoachwa mezani dakika moja ni sampuli iliyopotea pamoja na siku nzima ya kazi.

Kufungua fuvu

Chana ngozi katikati, kuanzia nyuma ya undu hadi kisogoni, na uivute pande zote mbili. Kata undu pamoja na ngozi. Macho usiyang'oe. Jicho la kuku ni kubwa, na neva yake ni nene na fupi. Ukilivuta kutoka nje, linavuta njia panda ya neva za macho iliyo chini ya ubongo, na utaona baadaye shimo pale palipopaswa kuwa na alama ya herufi X.

Kwa bledi 15, kwangua misuli ya kisogo mpaka mfupa uwe mweupe na uone tundu kubwa la fuvu, ugwe wa mgongo ukipita katikati yake. Hapo ndipo pa kuanzia. Tazama tundu hilo kama uso wa saa: ingiza ncha butu ya mkasi kwenye saa nne, palipoandikwa 10, kata milimita 2, kisha saa nane, palipoandikwa 2, kata milimita 2. Ncha iegemee mfupa muda wote, ikielekea juu, mbali na ubongo. Kisha ng'oa kwa koleo kipande kilicho kati ya mikato miwili. Rudia. Usijaribu kubandua kipande kikubwa kwa mara moja. Mfupa wa fuvu la kuku una tabaka mbili na vijumba vya hewa katikati, na katika jogoo mzee tabaka hizo ni nene. Mtu huvunja la juu akadhani amefika, akabonyeza, na la ndani likaingia ubongoni kama kigae.

Baada ya milimita chache utaona serebelamu, ubongo mdogo wa nyuma, wenye mikunjo ya mlalo iliyopangana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Damu ikitoka hapa ni ya mshipa mpana unaopita juu yake. Inyonye kwa pembe ya karatasi ya tishu, usisugue. Kila upande wa serebelamu kuna sikio dogo la tishu lililojichimbia kwenye shimo la mfupa, na kuzunguka shimo hilo kuna mirija ya sikio la ndani, mfupa mgumu kuliko wote unaoukuta kichwani. Masikio haya ndiyo yanayobaki nyuma mara nyingi zaidi. Ng'ata mfupa wa pembeni kwa vipande vya ukubwa wa kichwa cha kiberiti mpaka uone ncha yake ikiwa huru. Kama dakika kumi za kazi yote ni za kutumia bila haraka, ni hizi.

Mbele ya serebelamu kuna ukingo wa mfupa unaoitenganisha na nusu mbili za ubongo wa mbele, na utando mgumu wa nje, dura, umeshikamana nao. Kwenye pembetatu ndogo hapo katikati imekaa tezi ya pineali, na mara nyingi imegandana na utando. Ukinyanyua mfupa na utando pamoja, tezi inaondoka navyo. Nyanyua mfupa kwanza, acha utando, kisha uuchane kwa ncha ya bledi 11 kandokando ya tezi.

Paa la nusu mbili za mbele ni jepesi zaidi. Endelea kukata pande zote mbili hadi nyuma ya matundu ya macho, halafu mbele. Dura inashuka kwenye mfereji wa katikati kati ya nusu hizo. Ichane kwa mkasi kabla hujainua chochote. Mbele kabisa ubongo unakuwa mwembamba na kuishia kwenye vinundu viwili vya kunusa, vidogo na vyenye ncha, vilivyobanwa kati ya macho. Fungua mfupa wa juu yao hadi uone neva zikitoka mbele yao, ndipo ukate mbele ya vinundu. Anayekata kwa kukisia huacha vinundu ndani na kuandika urefu mfupi.

Sasa kugeuza. Shika kichwa kikielekea chini juu ya beseni lenye maji ya chumvi, kijiko kikiwa tayari, na uache uzito wa ubongo ufanye kazi. Kata neva za kunusa, kisha neva za macho karibu na mfupa, kisha kikonyo cha tezi ya pituitari. Tezi yenyewe itabaki kwenye shimo lake la mfupa, na iwe hivyo kwa kila kuku. Pembeni, chini ya nusu za mbele, vinundu vya kuonea vimekaa kila kimoja kwenye chumba chake chenye ukingo. Ni vikubwa na vya mviringo, na vikikwama usivute: ng'ata ukingo. Kata neva nene za pembeni, na mwisho medula, sambamba na ukingo wa tundu kubwa la fuvu. Mkato huu wa mwisho ndio unaoamua uzito na urefu. Milimita mbili nyuma au mbele kwa kila kuku, na jedwali lako linapima mkono wako badala ya kuchi.

Kagua fuvu tupu kwa tochi, na ukague ubongo pia: vinundu viwili vya kunusa, nusu mbili laini zisizo na mikunjo, vinundu viwili vya kuonea, serebelamu na masikio yake mawili, medula yenye mkato mnyoofu. Kikikosekana kimoja, andika. Usikadirie.

Kupima

Uzito wa ubongo mbichi uchukuliwe mara moja. Uviringishe polepole juu ya karatasi ya chujio iliyolowa kidogo ili maji ya nje yaondoke. Karatasi kavu hunyonya na maji ya ndani. Weka kwenye kisahani kilichosawazishwa hadi sifuri, soma baada ya sekunde tano. Ukiuacha mezani dakika kadhaa kwenye joto la Lamu, unakauka na kupungua huku ukiuangalia.

Urefu na upana usipimwe ubongo ukiwa mbichi. Midomo ya kalipa huubonyeza, na kila anayepima hubonyeza kwa nguvu yake. Utie kwenye fomalini isiyopungua mara 20 ya ujazo wake, yaani mililita 70 kwa ubongo wa gramu 3.5, juu ya pamba ili usibapike upande mmoja. Baada ya saa 48 umekuwa mgumu kama jibini. Ukumbuke kwamba fomalini hubadilisha uzito: ubongo huweza kuvimba mwanzoni kisha ukanywea kadiri unavyokaa. Hivyo pima uzito tena siku hiyo, uandike kwenye safu yake, na kuku wote wakae muda ule ule. Uzito mbichi wa mmoja na wa fomalini wa mwingine havikai safu moja.

Suuza kwa maji ya chumvi, kisha kwa kalipa chukua urefu wote kutoka ncha ya vinundu vya kunusa hadi mkato wa medula. Urefu wa nusu ya kulia na ya kushoto. Upana mkubwa wa nusu zote mbili kwa pamoja. Kimo kutoka sehemu ya chini hadi juu. Urefu, upana na kimo cha serebelamu. Urefu na upana wa kila kinundu cha kuonea. Kila kipimo mara tatu, ukifungua kalipa na kuifunga upya. Vikitofautiana zaidi ya milimita 0.2, anza tena. Kulia na kushoto viandikwe mbalimbali.

Picha pia ina faida, mradi rula iwe kwenye kimo kile kile cha sehemu pana ya ubongo, si chini mezani. Rula iliyo chini huonekana ndogo, na ubongo hutoka mkubwa kuliko ulivyo. Simu ikae sentimita 40 juu, ukuze picha kwa lenzi badala ya kuisogeza karibu.

Ujazo usiusome kwenye silinda. Mistari yake ni mipana mno kwa kitu kidogo hivi. Weka kikombe chepesi chenye maji ya chumvi juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza ubongo kwa uzi mwembamba uzame wote bila kugusa kitako wala ukuta. Gramu zinazoongezeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa maji hayo ya chumvi gramu moja ni karibu mililita moja. Mapovu ya hewa kwenye mikunjo ya serebelamu hudanganya, yaondoe kwa brashi laini. Kama ukaguzi: tishu ya ubongo ina karibu gramu 1.04 kwa mililita, kwa hiyo ubongo wa gramu 3.40 utoe karibu mililita 3.27. Ikitoka 3.6, kuna povu.

Sehemu zikitenganishwa, kata serebelamu kwanza kwenye vikonyo vyake vya pembeni, kisha nusu za mbele, kisha vinundu vya kuonea. Kinachobaki ni shina la ubongo. Jumla ya sehemu ilingane na uzito wa ubongo mzima uliopimwa siku hiyo hiyo. Tofauti ikizidi asilimia 3, kuna kipande kimebaki kwenye bledi au kimekauka.

Kusoma namba

Uwiano ni uzito wa ubongo ukigawanywa kwa uzito wa mwili mara 100. Kuku wa gramu 2,000 mwenye ubongo wa gramu 3.4 ana asilimia 0.17, jogoo wa gramu 3,400 mwenye ubongo wa gramu 3.8 ana karibu 0.11. Usiseme jogoo ana ubongo duni. Mwili hukua haraka kuliko ubongo, kwa hiyo kila kuku mkubwa uwiano wake hushuka, na kuchi ni kuku mkubwa. Ndiyo maana kulinganisha kuchi na kuku mdogo wa kienyeji kwa asilimia peke yake kunampunja kuchi. Chora logi (logarithimu) ya uzito wa ubongo dhidi ya logi ya uzito wa mwili, kuku wote kwenye grafu moja, uone nani yuko juu ya mstari na nani chini yake.

Ukubwa wa vinundu vya kuonea usikushangaze. Ndege huishi kwa macho. Na vinundu vya kunusa vikiwa vidogo, ndivyo vilivyo kwa kuku. Serebelamu iliyovimba yenye madoa ya damu, hasa kwa vifaranga, ni dalili ya upungufu wa vitamini E, na ubongo huo utolewe kwenye wastani.

Kila chupa iwe na karatasi ndani yake iliyoandikwa kwa penseli: namba ya kuku, jinsia, umri, kijiji, uzito wa mwili, tarehe na saa ya kuchinja, saa ya kutiwa fomalini. Wino wa kalamu huyeyuka ndani ya fomalini. Fomalini iliyotumika isimwagwe mferejini wala karibu na kisima. Ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko na alama, na uipeleke hospitali au maabara yenye utaratibu wa kuiteketeza.